Kumlea Mwanagenzi: Maelekezo Kazini na Tathmini za Mara kwa Mara

Maneno fundi, mwanafunzi, mkufunzi na kufundisha ni ndugu wa mzizi mmoja. Kirundi nacho kina umufundi. Udugu huu unatukumbusha kwamba karakana pia ni darasa. Katika makala hii tunakusudia kueleza namna ya kumsaidia mwanagenzi, yaani mtu anayejifunza kazi kwa fundi, na kwa nini suala hili linatuhusu sisi walimu wa lugha.

Tuchukue mfano wa kijana anayejifunza ushonaji huko Musinzira, mtaa wa mji wa Gitega. Ikiwa hakuna anayefuatilia maendeleo yake, anaweza kumaliza mwaka mzima akifagia, akiwasha pasi ya mkaa na kutumwa sokoni. Si kwamba fundi amemnyima elimu. Ni kwamba hakuna aliyeuliza kijana amefikia wapi. Hasara ni ya kijana na ya wazazi waliomtoa nyumbani.

Dawa ya kwanza ni kuwa na ngazi inayojulikana. Mwanaanthropolojia Jean Lave aliwachunguza washonaji wa Monrovia, Liberia, katika miaka ya 1970. Aliona kwamba wanagenzi walianzia mwishoni mwa kazi: kutia vifungo na kupinda pindo. Kisha walijifunza kushona vipande, na kukata kitambaa kulikuja baadaye kabisa. Utaratibu huo una hekima. Mshono mbaya hufumuliwa, lakini kitambaa kilichokatwa vibaya hakirudi.

Dawa ya pili ni maelekezo. Mwaka 1989 Allan Collins na wenzake walieleza hatua zinazoweza kutumika hata darasani. Fundi huonyesha kazi huku akisema anachofanya, humwelekeza mwanagenzi anapojaribu, kisha hupunguza msaada kidogo kidogo. Aidha, humtaka mwanagenzi aeleze kwa maneno yake sababu ya kila hatua. Hapo ndipo lugha inapoingia: anayeweza kueleza kwa nini pindo limejikunja yuko karibu kujirekebisha mwenyewe.

Dawa ya tatu ni tathmini fupi ya mara kwa mara. Tunapendekeza dakika 15 kila baada ya wiki mbili, kazi yenyewe ikiwa mezani, kwa maswali matatu:

1. Leo unaweza kufanya nini peke yako ambacho wiki mbili zilizopita hukukiweza?
2. Unakwama wapi?
3. Tukikutana tena, utakuwa umejaribu nini?

Majibu yaandikwe katika daftari na wote wawili watie sahihi. Kikao hiki kisigeuzwe kuwa cha karipio, kwani mwanagenzi anayeogopa huficha kosa. Mazungumzo yawe katika lugha anayoimudu, iwe Kirundi au Kiswahili. Hata hivyo, majina ya vifaa na ya hatua za kazi yaandikwe pia kwa Kiswahili. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2021 Kiswahili kiliidhinishwa kuwa lugha rasmi ya Jumuiya. Kijana atakayetafuta kazi Kigoma au Mwanza atayahitaji maneno hayo. Kuandaa orodha zake ni kazi inayowafaa wanafunzi wa idara kama yetu.

Mwisho, tusisahau kwamba mwanafunzi wa ualimu aliye katika mazoezi ya kufundisha naye ni mwanagenzi. Akitembelewa mara moja tu na kupewa alama, kosa lake hujulikana wakati nafasi ya kulirekebisha imekwisha. Akitembelewa mara tatu, mbili za mwanzo bila alama, atafika kwenye ile ya tatu akijua anachotafutiwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Maswali yale matatu yanamfaa mwalimu mtarajiwa sawasawa na mshonaji, na tunawahimiza wasomaji wetu wayajaribu muhula huu.