Mkataba wa Ada Usigeuzwe Pingu

Kila mwaka, Januari inapokaribia, bandari na mwalo wa Kemondo huona tranka, magodoro na watoto wenye sare mpya. Baadhi yao hutoka Bumbire, Ikuza, Kerebe na Goziba, na safari yao ya shule huanzia majini. Mfukoni mwa mzazi huwamo karatasi ambayo aghalabu huitiwa sahihi kwa haraka kuliko stakabadhi ya mafuta ya injini: fomu ya kujiunga na shule ya binafsi. Leo twapenda kuizungumzia karatasi hiyo.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba Serikali iliondoa ada katika shule zake hadi kidato cha nne tangu Januari 2016, na mwaka 2022 ikaendelea hadi kidato cha tano na cha sita. Kwa hiyo mzazi anayempeleka mwanawe shule ya binafsi huenda kwa hiari yake, na hiari ndiyo nguzo ya mkataba. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 10, yasema mapatano huwa mkataba yakifanywa kwa ridhaa huru ya watu wenye uwezo wa kisheria, kwa malipo halali na kwa lengo halali. Fomu ile, basi, ni mkataba kamili, na mzazi hawezi kuutupa ziwani siku akiuchoka.

Walakini ridhaa huru yahitaji ufahamu. Baba asomaye Kiswahili tu akiwekewa mbele kurasa za Kiingereza, ameridhia nini? Mwaka 2021 nchi yetu ilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Ikiwa hakimu anasema Kiswahili, hatuoni kwa nini fomu ya ada iendelee kuwa bubu mbele ya mvuvi. Wale tuliopita chuoni kabla ya shule ya Serikali twakumbuka kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Suratul Baqara, yahusu kuandika deni, nayo yamtaka yule mwenye kudaiwa ndiye atamke kinachoandikwa. Katika fomu nyingi za shule mdaiwa hatamki neno. Huonyeshwa tu mahali pa kutia sahihi.

Shida nyingine ni kalenda. Ada huhesabiwa kwa mihula, lakini dagaa huvuliwa kwa giza. Mbalamwezi ikipevuka taa hazivuti samaki, na mitumbwi hupumzika. Mkulima wa kahawa naye hungoja msimu. Mzazi wa namna hii huweza kuanza Januari akiwa na fedha, na kufika Julai akiwa hana kitu. Hapo ndipo huuliza: nitatokaje?

Jibu la kwanza ni kusoma kipengele cha taarifa. Kama fomu yataka taarifa ya muhula mmoja, itolewe mapema, kwa barua yenye tarehe, na nakala igongwe mhuri wa shule. Neno la mdomo lililopelekwa na nahodha wa mtumbwi si taarifa. Jibu la pili ni kuomba kulipa kwa awamu zinazofuata msimu, na makubaliano hayo yaandikwe. La tatu ni kupima kama shule yenyewe imetimiza ahadi. Ikiwa mzazi alivutwa kwa maelezo ya uongo, kama vile bweni lisilokuwapo au usajili usiokuwapo, kifungu cha 19 chamruhusu kuuvunja mkataba huo.

Vipi kuhusu maneno yale makali kwamba anayeondoka atalipa ada ya mwaka mzima? Kifungu cha 74 hakimpi mwenye shule kila alichokiandika. Chasema kiasi kilichotajwa ni kikomo tu. Fidia yenyewe huwa ile iliyo ya haki. Kama kiti cha mtoto kimepata mtoto mwingine wiki ya pili, hasara ya shule ni ndogo, na fidia yapasa kufuata hasara.

Historia ya karibuni imetufunza pia juu ya majanga. Tetemeko la Septemba 10, 2016 liliharibu shule kadhaa mkoani humu, zikiwamo Ihungo na Nyakato. Machi 17, 2020 shule zilifungwa nchini kwa sababu ya korona, na nyingi hazikufunguliwa mpaka Juni 29. Kufungwa kwa muda si lazima kuue mkataba, lakini chakula ambacho hakikupikwa na kitanda ambacho hakikulaliwa vyastahili kuhesabiwa pande zote mbili zikiwa mezani.

Hatusemi haya ili kuwachochea wazazi kukimbia madeni. Mwalimu wa shule ya binafsi hula mshahara utokanao na ada, na mzazi anayetoweka bila taarifa humnyang'anya mwalimu huyo posho yake. Tunalosema ni kwamba deni ni la mtu mzima aliyetia sahihi. Mtoto hakusaini chochote. Kumzuilia uhamisho wake ili baba alipe ni kumfanya rehani. Mwenye kudai na aende Mahakama ya Mwanzo, ambayo husikiliza madai ya madeni yatokanayo na mikataba.

Kwa maofisa wa elimu wa Bukoba na Muleba tuna maombi matatu. Fomu za shule za binafsi zikaguliwe, na zisomeke kwa Kiswahili. Maelezo ya haki ya mzazi yabandikwe kwenye ofisi za kata za visiwani, na mialoni, kabla ya Januari. Na watoa msaada wa kisheria, waliotambuliwa na sheria ya mwaka 2017, wavuke maji wawafuate wananchi huko waliko, kwani nauli ya kuja Kemondo na kurudi ni sehemu ya ada ile ile inayogombaniwa.

Mzazi aliyeelewa alichokisaini hulipa kwa moyo mweupe, na akishindwa huondoka kwa heshima. Shule nayo hubaki na jina lake.