Kwa Nini Ayeeyo Hutia Makaa Kwenye Chombo cha Maziwa

Hadithi, hadithi! Nanyi niitikieni: hadithi njoo!

Wanangu, leo tunakwenda Modogashe, mji wa kaunti ya Garissa ambako barabara za kutoka Garissa, Isiolo na Wajir hukutana. Ni nchi ya jua kali, migunga na ngamia. Mvua huko hutarajiwa mara mbili kwa mwaka: ile ya masika, ambayo Wasomali huiita gu, na ile ya vuli, deyr, kati ya Oktoba na Desemba. Hutarajiwa, lakini si lazima ije. Tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha, na mifugo mingi ikafa. Katika nchi kama hiyo, kazi unayoiona ndogo nyumbani huwa na sababu kubwa. Hiyo ndiyo hadithi yangu.

Palikuwa na msichana wa miaka tisa. Jina lake sikwambii, mchagulie wewe. Shule zilikuwa zimefungwa, naye alipelekwa kukaa wiki nzima kwa bibi yake.

Jumamosi asubuhi alikuta chombo cha maziwa kimelazwa karibu na jiko. Kinaitwa dhiil, nacho husukwa kwa nyuzi za mimea zikabanwa sawasawa hata maziwa hayapenyi. Msichana akachukua kikombe cha maji akisuuze.

"Acha, ayeeyo," bibi akamwambia. Kwa Wasomali bibi huitwa ayeeyo, naye humwita mjukuu wake vivyo hivyo, kwa mapenzi. "Maji yakibaki ndani ya msuko, kesho maziwa yatanuka. Niletee vijiti vile vikavu."

Vijiti vilikuwa vya mti wenye harufu nzuri. Bibi aliviweka motoni vikawaka, akangoja mpaka ndimi za moto zikatulia yakabaki makaa mekundu. Akayachota kwa kibanzi cha mti, akayadondosha ndani ya dhiil na kufunika upesi. Kisha akaanza kukitikisa chombo: juu, chini, kushoto, kulia, makaa yakigongagonga ndani kwa sauti kavu. Alipofunua kidogo, moshi ukatoka ukiwa mzito na mweupe. Akafunika tena. Mwishowe akamwaga majivu, akasugua ndani kwa kijiti kilichopondwa ncha kama brashi, akampa mjukuu anuse.

"Ayeeyo, si kitaungua?"

"Makaa yakitulia mahali pamoja, kitaungua. Ndiyo maana mkono haupumziki."

Sasa sikilizeni. Maziwa huharibika kwa sababu ya vijidudu visivyoonekana kwa macho, na vijidudu hupenda kujificha kwenye vipenyo vya msuko, hasa penye unyevu. Joto la makaa hukausha unyevu huo, na moshi huua vijidudu vingi. Kwa hiyo maziwa yanayokamuliwa alfajiri huweza kuhimili joto la mchana pasipo friji. Zaidi ya hayo, maziwa hupata ladha ya moshi ambayo mtu aliyekulia huko huikumbuka popote aendapo. Bibi hakuhitaji hadubini kuyajua haya, aliyapokea kwa mama yake. Hata hivyo moshi hauui kila kijidudu. Maziwa mabichi yanaweza kubeba ugonjwa wa bruselosisi, wenye homa isiyokwisha na maumivu ya viungo, na ndiyo sababu wahudumu wa afya husisitiza maziwa yachemshwe. Elimu ya bibi na elimu ya zahanati hazigombani. Fukiza chombo, na maziwa uyachemshe.

Kuna jambo jingine la maziwa ambalo mimi hunistaajabisha. Maziwa ya ngamia yana vitamini C nyingi kuliko ya ng'ombe, yapata mara tatu. Fikirini maana yake mahali ambapo machungwa hayaoti na mboga ni haba.

Siku zilizofuata zilikuwa za maji. Maji yaliyoosha vyombo hayakumwagwa, yalipelekwa kwa kuku. Wakati wa kutawadha, msichana alimimina birika hata maji yakatiririka mchangani, bibi akamshika mkono taratibu. Akamweleza kwamba Mtume alikuwa akitawadha kwa kipimo kiitwacho mudd, ambacho ni kama viganja viwili vya mtu mzima vilivyoungana na kujaa, pungufu ya lita moja. Swala ya adhuhuri ile msichana alijaribu, akaona kumbe yanatosha.

Jioni ndiyo aliyoipenda kuliko nyakati zote. Wana wa mbuzi hawaendi malishoni na mama zao. Hubaki nyumbani, kwani wakifuatana nao watanyonya siku nzima na watu wasibakiziwe kitu, tena miguu yao haiwezi safari ndefu. Kundi linaporudi, mama huita na wana huitika, kelele tupu! Msichana alidhani itakuwa vurugu hadi usiku. Akaona kila mbuzi ananusa mtoto anayemjia: asiye wake humpiga kichwa amfukuze, aliye wake humwachia kiwele. Mbuzi humjua mwanawe kwa harufu tangu anapomlamba akizaliwa. Kazi ya msichana ilikuwa kuangalia yule aliyekataliwa na wote. Alikuwepo mmoja mweusi, mwenye alama nyeupe pajini, mama yake hakurudi na kundi. Wakamlisha maziwa kwa mkono, na mjomba wake msichana akatoka na tochi kumtafuta mama. Alimpata kabla ya Isha.

Alhamisi mchana bibi alimwonyesha nyumba ya jadi, aqal, aliyoisuka ujanani mwake pamoja na wanawake wenzake. Siku hizi familia nyingi mjini hukaa kwenye nyumba za mabati au matofali, lakini bibi hajaitupa. Vijiti vyake hupindwa vikawa mviringo, mikeka hutandazwa juu yake. Wakati wa kuhama, mikeka na vijiti hivyo hivyo hufungwa mgongoni mwa ngamia vikawa tandiko la kubebea mizigo. Hakuna kinachoachwa nyuma.

Ijumaa baada ya swala, mama alikuja kumchukua. Kitu cha kwanza msichana alichotaka kumwonyesha mama ni jinsi ya kutikisa dhiil.

Nanyi wanangu, kwenu pia kuna kazi ambayo bibi au babu huifanya kwa namna yake, nanyi hamjawahi kuuliza sababu. Muulizeni leo, akiwa bado yupo wa kujibu, na jibu lake mliandike daftarini pamoja na jina lake.