Mashine ya pumzi usingizini: kabla ya kuongeza msukumo, tazama hewa inayovuja

Wiki iliyopita msikilizaji wetu mmoja alitupigia simu baada ya kipindi cha afya. Baba yake, mzee anayekwenda shamba kwa pikipiki kila siku, alirudi kutoka hospitali na mashine ya kusukuma hewa usingizini, ile inayoandikwa CPAP. Kila asubuhi kioo cha mashine kinaonyesha namba karibu na 14. Kijana amejifunza mtandaoni jinsi ya kufungua sehemu ya mipangilio, akatuuliza: niongeze msukumo?

Tulimwambia asubiri. Tunaeleza hapa sababu, maana tunajua si yeye peke yake mwenye swali hili.

Ugonjwa wenyewe si kukoroma tu. Mtu akilala, nyama za koo hulegea na kuziba njia ya hewa. Pumzi hukatika kwa sekunde 10 au zaidi, mwili unashtuka, koo linafunguka, kisha inaanza tena, hata mara nyingi kwa saa moja bila mwenyewe kujua. Asubuhi anaamka kama hakulala, na mchana anasinzia hata akiwa juu ya pikipiki. Mashine hupuliza hewa kupitia barakoa ili koo libaki wazi. Njia hiyo ilielezwa mwaka 1981 na Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia.

Sasa ile namba. Kwenye mashine nyingi huandikwa AHI, nayo ni wastani wa mara ambazo pumzi ilikatika au kupungua sana kwa kila saa ya kuvaa mashine. Ikitokea mara 28 katika saa 7, namba ni 4. Kwa mtu mzima, madaktari kwa kawaida hulenga chini ya 5. Kuanzia 5 mpaka chini ya 15 huitwa tatizo dogo, 15 mpaka chini ya 30 la kati, na 30 kwenda juu ni kali.

Lakini namba hii inaweza kukudanganya. Mashine huhesabu muda iliovaliwa tu. Mzee akiivaa saa 2, akaivua na kulala saa 5 nyingine bila kitu usoni, kioo kinaweza kuonyesha 3, na nyumbani mkafurahi bure. Kwa hiyo anzeni na saa za matumizi. Tena msihukumu kwa usiku mmoja: pombe ya harusini hulegeza koo, na kulala chali huzidisha kuziba. Tazameni wastani wa wiki.

Baada ya saa, tazameni kuvuja, na hapa ndipo wengi wanapopita haraka. Hewa ikitokea pembeni mwa barakoa, koo halipati msukumo uliopangwa, na mashine yenyewe hushindwa kupima pumzi vizuri. Mashine nyingine huonyesha kikatuni cha uso unaotabasamu au ulionuna, nyingine hutoa namba. Msilinganishe namba ya kuvuja na ya jirani mwenye mashine ya aina tofauti. Kila barakoa ina matundu ya kutolea hewa chafu. Kampuni nyingine huijumlisha hewa hiyo, nyingine haziihesabu. Matundu hayo msiyazibe kamwe.

Sababu za kuvuja ni za kawaida: mpira wa barakoa umechakaa au una mafuta ya uso, ndevu, mikanda imelegea, au imekazwa mno mpaka mpira ukajikunja. Anayevaa barakoa ya pua tu akilala mdomo wazi, hewa hutokea mdomoni. Haya mnaweza kuyashughulikia nyumbani. Osheni mpira kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, kisha rekebisheni mikanda mzee akiwa amelala kitandani na mashine inapuliza, si akiwa amekaa kwenye kiti.

Msukumo wa hewa ni jambo jingine. Kuna kukatika kwa pumzi kunakotokana na koo kuziba, na kuna kunakotokea ubongo unapoacha kutuma amri ya kuvuta pumzi. Aina ya pili huwapata baadhi ya wagonjwa wa moyo, waliopata kiharusi, au wanaotumia dawa kali za maumivu kama mofini. Kuongeza msukumo husaidia ya kwanza, lakini kwa watu wengine huleta ya pili. Kijana akiongeza kwa kubahatisha, namba inaweza kupanda badala ya kushuka. Daktari hutazama aina zote mbili, hubadilisha kidogo, kisha husubiri siku kadhaa. Wakati mwingine tatizo si juu bali chini: mashine inayojirekebisha imeachwa ianzie 4, kipimo kidogo kabisa, na koo linaziba kabla haijapanda.

Wanaotumia sola wajue kwamba kinachomaliza betri haraka ni kifaa cha kupasha maji ya unyevu. Kukizima hupunguza sana matumizi, ingawa pua inaweza kukauka.

Yule kijana tulimwomba apige picha kioo kwa simu kila asubuhi kwa siku 7, saa, AHI na kuvuja vionekane, azitume kwa muuguzi wa kliniki yao. Juzi alitupigia tena. Muuguzi aliona kuvuja usiku wote 7, akaomba picha ya barakoa. Mpira ulikuwa umepasuka chini ya pua. Wamepewa mwingine, na asubuhi ya kwanza kioo kilisoma 6. Msukumo haujaguswa bado, na picha zinaendelea kutumwa.