Wajane wa Varanasi: kwa nini mandhari ya filamu ya Water yalitupwa mtoni

Tarehe 30 Januari 2000, umati wa watu wapatao 2,000 uliteremka kwenye ngazi za mto Ganges mjini Varanasi, kaskazini mwa India. Ukavunja na kuchoma mandhari yaliyojengwa kwa ajili ya filamu, kisha ukatupa mabaki majini. Filamu yenyewe, Water ya mwongozaji Deepa Mehta, ilikuwa ndiyo kwanza inataka kuanza kurekodiwa. Hakuna hata mmoja katika umati ule aliyekuwa ameiona, kwa sababu haikuwepo. Ilikuja kuonyeshwa miaka mitano baadaye, tena si India bali huku Kanada, ilipofungua Tamasha la Kimataifa la Filamu la Toronto mwezi Septemba 2005. Wahindi waliingia kuitazama katika majumba yao ya sinema Machi 2007.

Sisi wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, tuliolelewa na picha za Kihindi tunamjua steling, tunamjua adui, tunajua wimbo utaingia lini. Water haifuati njia hiyo, na ndiyo maana vijana wetu wanaoipata mtandaoni hubaki wakiuliza ugomvi ulikuwa wa nini. Wengi huamua kwamba ni dini imetukanwa, basi. Kingine kinachotuchanganya ni kwamba wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi tuliowazoea pale Quartier Asiatique, mtaa wa Waasia mjini humo, wengi wao ni Waislamu, Waismailia na Washia Ithnaasheri, kwa hiyo mambo ya wajane wa Kihindu hatukuyasikia kwao. Nimeona niandike chanzo cha jambo hili kwa kirefu kidogo, kwa kuwa naamini kilichogombaniwa pale Varanasi tunakijua vizuri kuliko tunavyodhani.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka ni 1938, Waingereza bado wanaitawala India. Chuyia, mtoto wa miaka minane, anaambiwa kwamba mume wake amekufa. Hata harusi yake haikumbuki. Wanamnyoa nywele, wanamvika nguo nyeupe na kumpeleka katika nyumba ya wajane kando ya mto, akae humo mpaka afe. Ndani ya nyumba hiyo kuna wazee walioingia wakiwa na umri kama wake. Kuna Kalyani, kijana mzuri ambaye yeye peke yake hakunyolewa, maana mama mkubwa wa nyumba humvusha mto usiku akamuuze kwa matajiri ili kodi ilipwe. Na kuna Shakuntala, mcha Mungu kweli kweli, anayefunga, anayesali, asiyeacha ibada hata moja.

Shakuntala ndiye moyo wa filamu. Siku moja anamuuliza kuhani kama kweli maandiko yanataka wajane waishi hivi. Kuhani anamweleza njia ambazo maandiko yanampa mjane, kisha anaongeza kwamba sasa ipo pia sheria ya serikali inayomruhusu kuolewa tena. Shakuntala anashangaa mbona hawajaambiwa. Jibu la kuhani, kwa maneno yangu, ni kwamba watu hawana haja ya sheria isiyowafaa.

Sheria anayoisema kuhani ni ya kweli, na hapa ndipo panapohitaji subira ya msomaji. Mwaka 1829 serikali ya Waingereza ilipiga marufuku sati, yaani mjane kuchomwa pamoja na maiti ya mumewe, baada ya Ram Mohan Roy, mwanazuoni wa Bengal, kuipinga kwa miaka. Mwaka 1856 ikaja sheria ya kuwaruhusu wajane wa Kihindu kuolewa tena. Aliyeipigania zaidi alikuwa Ishwar Chandra Vidyasagar, naye alikuwa Brahmani, mtu wa tabaka la makuhani, msomi wa Kisanskriti, aliyefungua vitabu vitakatifu vyenyewe akaonyesha kwamba vinaruhusu. Mtu anaposema kwamba kuwatetea wajane ni fikra iliyoletwa na wageni, akumbushwe jina hilo.

Lakini sheria hiyo ya 1856 ilikuwa na kifungu kizito: mjane akiolewa tena, anapoteza haki aliyokuwa nayo katika mali ya marehemu mumewe. Anahesabiwa kama aliyekufa, na mali inarudi kwa warithi wengine. Mwaka 1937 ikatungwa sheria nyingine iliyompa mjane wa Kihindu fungu katika mali ya mumewe, alitumie maisha yake yote ila asiweze kuliuza apendavyo. Umiliki kamili aliupata mwaka 1956, India ikiwa imeshajitawala. Sasa rudi kwenye filamu: kisa kimewekwa mwaka 1938, yaani mwaka mmoja tu baada ya mjane kupewa fungu lake, na Chuyia anapelekwa mbali, mahali ambapo hatalidai kamwe. Katika filamu, kijana Narayan, mfuasi wa Gandhi, analieleza hilo bila kuzunguka: mjane akiondolewa nyumbani, familia inapungukiwa mdomo mmoja wa kulisha, na kitanda na kona yake vinabaki. Mambo ya mali yamevikwa joho la ibada.

Kwa nini basi Varanasi, na kwa nini mwaka 2000? Varanasi, au Kashi, ni mji ambao Wahindu huamini kwamba anayefia humo hufunguliwa kutoka mzunguko wa kuzaliwa na kufa. Kwa imani hiyo wajane wamepelekwa huko kwa karne nyingi, wengine kwa hiari na ucha Mungu wa dhati, na hilo lisidharauliwe. Kwa mwenyeji wa Kashi, filamu inayosema kwamba ndani ya nyumba hizo wanawake waliuzwa ni kuchafua mji wake mtakatifu mbele ya dunia. Maumivu hayo nayaelewa. Yeyote aliyewahi kusikia mji wake ukitajwa kwenye televisheni za ugenini kwa vita tu atayaelewa.

Juu ya hayo kulikuwa na siasa. Tangu mwaka 1998 India ilikuwa chini ya BJP, chama cha utaifa wa Kihindu, na jimbo la Uttar Pradesh, ulipo mji wa Varanasi, lilikuwa mikononi mwa chama hicho hicho. Deepa Mehta naye alikuwa na deni. Filamu yake ya Fire, iliyoingia majumba ya sinema ya India Novemba 1998, ilihusu mapenzi kati ya wake wawili walioolewa na ndugu katika nyumba moja, na aliwapa majina ya Radha na Sita, majina yenye utukufu katika dini. Mapema Desemba wafuasi wa Shiv Sena, chama kingine cha utaifa wa Kihindu, walivamia majumba ya sinema mjini Mumbai na Delhi, wakavunja vioo na kuchana mabango. Filamu ikarudishwa kwa bodi ya ukaguzi, nayo bodi ikairuhusu tena bila kukata kitu. Waliopanga kuzuia Water walikuwa wanakumbuka.

Mehta hakuingia Varanasi kwa kunyatia. Serikali kuu ilikuwa imesoma skripti na kumpa kibali. Waigizaji Shabana Azmi na Nandita Das walikuwa wameshanyoa vichwa. Baada ya uharibifu alikubali kubadilisha maneno machache na akaruhusiwa kuendelea, ila haikuchukua muda: mwanamume mmoja akajitosa mtoni akidai anakufa kwa kupinga filamu, na wakuu wa eneo wakasimamisha kazi kwa kisingizio cha usalama. Walioleta vurugu wakapewa walichotaka, mwenye kibali akafukuzwa. Hili ndilo linaloniudhi zaidi katika kisa chote. Wananchi wana haki ya kupaza sauti, hata kwa hasira, ila serikali iliyotoa kibali ilikuwa na wajibu wa kukilinda.

Afrika Mashariki tuna mfano wetu, ingawa haukupitia umati. Aprili 2018 bodi ya filamu ya Kenya iliipiga marufuku Rafiki ya Wanuri Kahiu, inayohusu wasichana wawili wanaopendana, hata kabla haijaonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu iliiruhusu kwa siku saba, na watu wakajaa Nairobi kuitazama.

Mehta alisubiri. Mwaka 2004 aliirekodi Water nchini Sri Lanka kwa siri, kwa jina la uongo, akiwa na waigizaji wapya: Seema Biswas kama Shakuntala, Lisa Ray kama Kalyani, John Abraham kama Narayan. Chuyia aliigizwa na Sarala, mtoto wa Kisri Lanka asiyejua Kihindi, aliyekariri maneno yake kwa kufuata sauti. Ukimtazama huwezi kuamini. Filamu iliwakilisha Kanada katika tuzo za Oscar za mwaka 2007, ikaingia tano bora za filamu za lugha ya kigeni.

Msomaji Mwislamu wa Buyenzi atalinganisha na eda, kwa hiyo tulinganishe. Mjane wetu hukaa kizuka miezi minne na siku kumi, kisha yuko huru kuolewa, na fungu lake la mirathi limetajwa ndani ya Qurani. Kwenye maandishi yuko salama. Lakini nani kati yetu hajasikia shemeji waliofika na gari siku ya hitima kuchukua vyombo? Wala dini haikuwatuma. Huko Shinyanga, Tanzania, wajane wawili waliofukuzwa nyumbani na ndugu wa waume zao walikwenda Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ilikiri kwamba mila ya urithi iliyotumika inawabagua wanawake, ila ikakataa kuitengua. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia haki za wanawake ilisema Tanzania iliwavunjia haki zao.

Na nyumbani Burundi? Ardhi hurithiwa kwa mila. Itongo, yaani shamba la ukoo, ni la wana wa kiume. Binti hupewa igiseke, kipande cha kutumia kwa ridhaa ya kaka zake, na mjane hukaa kwenye shamba la mumewe kwa sababu ya watoto, hasa kama amezaa wa kiume. Vita vilivyoanza 1993 viliacha wajane wengi, na wengi wao walijua maana ya kukaa kwa ridhaa ya wakwe. Muswada wa sheria ya mirathi umejadiliwa tangu miaka ya 2000 bila kupitishwa. Wanaoupinga husema nchi ni ndogo, watu ni wengi, na mashamba yamekwisha kukatwakatwa kiasi kwamba yakigawiwa na mabinti pia hayatamlisha mtu. Hoja hiyo haina dini ndani yake hata kidogo, na inasema wazi kinachogombaniwa.