Misuli Inayoyeyuka: Saratani, Chakula na Makopo ya Virutubisho

Mgonjwa wa saratani anaweza kuendelea kukonda hata anapokula, kwa sababu uvimbe wenyewe, pamoja na kinga ya mwili inayopambana nao, humwaga katika damu kemikali za uchochezi ziitwazo saitokaini, ambazo huua hamu ya chakula na kuufanya mwili uvunje misuli yake wenyewe. Hali hiyo huitwa kakeksia. Mwaka 2011 jopo la wataalamu wa kimataifa lilikubaliana kwamba mgonjwa aliyepoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake ndani ya miezi 6, bila kukusudia, amekwisha kuingia katika hali hiyo, na kwamba lishe ya kawaida peke yake haiwezi kuirudisha misuli yote. Kwa hiyo mkulima wa pamba wa Ngulyati, wilayani Bariadi, mkoani Simiyu, aliyekuwa na kilo 60 na sasa ana 56, asingoje mpaka mifupa ya mashavu itokeze ndipo atafute msaada.

Kati ya virutubisho vinavyouzwa, mafuta ya samaki yenye omega-3 yamechunguzwa sana kwa matarajio kwamba yatatuliza uchochezi, lakini matokeo yamekinzana, na faida iliyoonekana ni ndogo. Vitamini za dozi kubwa hazishauriwi kwa mtu asiye na upungufu wake. Vinywaji vyenye protini na nishati nyingi vina nafasi yake, hasa kwa mgonjwa wa saratani ya umio, yaani njia ya chakula, ambayo imeenea Afrika Mashariki na humfanya mtu ashindwe kumeza ugali. Hata hivyo, vinywaji hivyo ni chakula, si dawa ya saratani, na anayeviuza kwa jina la tiba anawadanganya watu walio katika dhiki.

Miongozo ya Ulaya hushauri protini inayozidi gramu 1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na ikiwezekana hadi gramu 1.5, maana yake gramu 50 hadi 75 kwa mtu wa kilo 50. Mayai matatu hutoa takriban gramu 18, glasi mbili za maziwa 16, choroko kavu gramu 50 hutoa 12, na dagaa wakavu wa kusaga gramu 30, waliokorogwa katika uji au mchuzi, huongeza kama 18. Jumla ni 64, na vyote hivyo hupatikana katika masoko ya Simiyu. Mgonjwa apewe kidogo kidogo mara nyingi, na atembee kadiri anavyoweza, kwani misuli isiyotumika hupungua upesi zaidi.

Kichefuchefu, maumivu na vidonda vya kinywani humnyima mgonjwa chakula hata kikiwa tele, navyo vina dawa, hivyo fedha ya kopo la bei kubwa ingefaa zaidi iwe nauli ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, Mwanza, inayotibu wagonjwa wa saratani wa Kanda ya Ziwa.