Bramall Lane: Kriketi ilivyoshindwa na mapato ya mlangoni

Uwanja wa soka wenye majukwaa pande tatu, na upande wa nne wazi kama shamba, humfanya mfanyabiashara yeyote aulize ni nani anayekaa pale kwa kodi ndogo. Katika Bramall Lane, mjini Sheffield, Uingereza, jibu lilikuwa kriketi. Ilichukua zaidi ya miaka 80 wenye uwanja kuthubutu kumwondoa mpangaji huyo.

Kusema kweli, kriketi ndiyo iliyotangulia. Uwanja ulifunguliwa mwaka 1855 katika ardhi iliyokodishwa kutoka kwa Duke wa Norfolk, na ulikuwa wa kriketi. Klabu ya jimbo la Yorkshire iliundwa Sheffield mwaka 1863 na kuufanya makao yake. Soka liliruhusiwa wakati wa baridi tu, kama njia ya kujaziliza mapato.

Oktoba 14, 1878, ilichezwa pale mechi ya soka usiku kwa taa za umeme, jambo lililokuwa geni wakati huo. Maelfu ya watu walijitokeza, wengi wao, bila shaka, kuangalia taa kuliko mpira.

Lakini hesabu iliyobadilisha mambo ni ya Machi 16, 1889. Siku hiyo Preston North End na West Bromwich Albion zilikutana hapo katika nusu fainali ya Kombe la FA, na watazamaji 22,688 walilipa kiingilio. Siku sita tu baadaye, Machi 22, kamati ya uwanja iliamua kuanzisha timu yake ya soka. Ndiyo hii Sheffield United, ambayo jina lake ilirithi kutoka klabu ya kriketi. Mtoto alizaliwa ili amlishe mzazi.

Sababu si ngumu kuiona. Mechi ya jimbo wakati huo ilichukua siku tatu, nyingi zikiwa za kazi, na Sheffield ulikuwa mji wa viwanda vya chuma. Mfanyakazi hakuweza kuacha tanuru Jumanne mchana akatazame wiketi. Soka lilichezwa Jumamosi baada ya kazi, na lilimalizika kwa saa moja na nusu.

Kriketi ilipata siku yake kubwa Julai 1902, Uingereza ilipocheza na Australia katika mechi ya kimataifa. Clem Hill wa Australia alipata mikimbio 119, na wageni wakashinda kwa tofauti ya mikimbio 143. Moshi wa viwanda ulizidisha giza uwanjani. Mechi ya aina hiyo haikurudi tena, na shughuli za Yorkshire zikazidi kuelekea Leeds, katika uwanja wa Headingley.

Mabomu ya Desemba 1940 yaliharibu sehemu ya majukwaa, lakini mpangaji alibaki. Mwaka 1971, Sheffield United ilipopanda hadi ligi ya juu, wakuu wake waliona kwamba upande usio na jukwaa ni fedha inayopotea kila Jumamosi. Yorkshire ikapewa notisi. Mechi ya mwisho ilichezwa Agosti 1973 dhidi ya wapinzani wa jadi, Lancashire, na kuisha sare.

Jukwaa la Kusini lilifunguliwa mwaka 1975, palipokuwa uwanja wa kriketi. Hapo ndipo mahesabu yalipokwenda kombo. Gharama za ujenzi ziliibana klabu, timu ikashuka daraja mwaka 1976, na kufikia 1981 ilikuwa imeporomoka hadi Daraja la Nne. Viti vilikuwepo, wa kuvikalia hawakutosha.

Yorkshire nayo iliendelea kuja Sheffield kucheza Abbeydale Park, hadi ilipoacha mwaka 1996.