Kwa baiskeli katika milima ya mwisho ya Waislamu wa Andalusia

Likitajwa jina la Andalusia, wengi wetu hapa pwani hukumbuka mambo mawili: Msikiti Mkuu wa Córdoba na jumba la Alhamra la Granada. Picha zake tumeziona katika kalenda za ukutani, na habari zake tumezisikia katika darsa. Lakini habari ya Waislamu wa Andalusia haikuishia katika majumba ya wafalme. Sehemu yake ya mwisho ilikuwa milimani kusini ya Granada, katika vijiji vya wakulima wa zeituni na wafugaji wa nondo wa hariri, mahali panapoitwa Alpujarra. Huko ndiko nilikokwenda, na nilikwenda kwa baiskeli.

Huenda msomaji akauliza, kwa nini baiskeli na mabasi yapo? Sababu ni kwamba barabara ya Alpujarra imejikunja ubavuni mwa mlima kama kamba, na aliye ndani ya basi huona kona tu na vumbi la gari lililotangulia. Mwenye baiskeli huenda polepole apandapo, tena kimya, hata akasikia maji kabla ya kuyaona. Na katika nchi hii, kama nitakavyoeleza, anayetaka kujua habari za watu waliopita hana budi kuyasikiliza maji.

NJIA YENYEWE

Alpujarra iko baina ya milima miwili. Upande wa kaskazini ni Sierra Nevada, yaani Milima ya Theluji, na upande wa kusini ni safu fupi zaidi inayoikinga na Bahari ya Mediterania. Kilele kirefu cha Sierra Nevada kinapita mita 3,470, na hakuna kingine kirefu kuliko hicho katika bara la Hispania. Wahispania wanakiita Mulhacén. Jina hilo ni la Mulay Hasan, mmoja wa wafalme wa mwisho wa Granada.

Mimi nilianzia Lanjarón, mji wa chemchemi wenye magofu ya ngome ya zama za Waislamu. Kutoka hapo hadi Órgiva ni mteremko, na mtu hudhani kwamba safari yote itakuwa tamu vivyo hivyo. Sivyo. Órgiva iko kiasi cha mita 450 juu ya usawa wa bahari, na Pampaneira, ambayo ni kama kilomita 15 mbele yake, iko zaidi ya mita 1,000. Sisi wa Mombasa, ambao mlima wetu mkubwa ni ule wa Mazeras, hatuna budi kuweka gia nyepesi, kupunguza maneno na kuwa na subira.

Lakini barabara yenyewe ni njema. Lami ni nzuri, na mwinuko wake si wa kuvunja mgongo. Magari ni machache, kwani yaendayo baharini hufuata barabara kuu ya kutoka Granada kwenda Motril. Siku za kazi niliweza kupanda muda mrefu bila ya kupitwa na gari hata moja. Jumapili ndiyo siku ya kuepuka, maana watu wa mjini huja kupunga upepo. Hali kadhalika mwezi wa Agosti, kwa joto na wageni, na miezi ya baridi kali, kwa theluji. Miezi mizuri ni Mei, Juni, Septemba na Oktoba.

Baada ya Pampaneira kuna tawi la njia lipandalo Bubión na Capileira, vijiji viwili vilivyoning'inia juu ya bonde la Poqueira. Njia kubwa yaendelea kupitia Pitres, Pórtugos na Busquístar hadi Trevélez, karibu mita 1,500 juu ya bahari. Kutoka hapo hugeuka kufuata Juviles, Bérchules, Mecina Bombarón, Yegen na Válor, kisha ikateremka hadi Ugíjar. Mimi niliigawa kwa siku nne. Kwa jumla njia hii yaelekea mashariki, kwa hiyo mpandaji huwa ameuelekeza uso wake takriban upande wa kibla.

AHADI ILIYOVUNJWA

Tarehe 2 Januari 1492, mfalme wa mwisho wa Granada, Abu Abdillahi, ambaye Wahispania humwita Boabdil, aliukabidhi mji kwa Ferdinand na Isabella. Mkataba uliahidi kwamba Waislamu wataachiwa misikiti yao, makadhi wao na desturi zao. Yeye mwenyewe alipewa ardhi huku Alpujarra, akakaa kwa muda mfupi, na mwaka 1493 akavuka bahari kwenda Morocco.

Ahadi hiyo haikufikisha miaka 10. Mwaka 1499 Kadinali Cisneros alianza kubatiza watu kwa nguvu na kuchoma vitabu vya Kiarabu. Milima ikaasi na ikashindwa. Kufikia mwaka 1502 Muislamu wa nchi ile alikuwa hana hiari ila kubatizwa au kuhama. Wengi wakabatizwa kwa nje, na ndani ya nyumba wakaendelea na dini yao.

Ndipo mwaka 1567 Mfalme Felipe wa Pili alipotangaza amri nyingine. Watu wakapewa miaka mitatu kuiacha lugha ya Kiarabu, kuisema na kuiandika. Nguo zao zikapigwa marufuku, na wanawake wakakatazwa kufunika nyuso. Mabafu yakafungwa. Hata milango ya nyumba iliamriwa iachwe wazi siku ya Ijumaa, ili wapelelezi waone nani anaswali.

Hebu msomaji atulie hapa kidogo, maana mfalme huyu si mgeni kwetu. Mwaka 1580 Felipe huyu huyu alipata pia kiti cha ufalme wa Ureno, na ni katika utawala wake ndipo Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu hapa Mombasa, mwaka 1593. Kwa hiyo kuta zile tunazopita kila siku kwenda Mji wa Kale na amri ile iliyowafunga ndimi watu wa Alpujarra zilitoka katika utawala wa mtu mmoja.

Usiku wa kuamkia Krismasi ya mwaka 1568 milima ikawaka moto. Kiongozi wa maasi alikuwa kijana wa ukoo mkubwa wa Válor, aliyekuwa amebatizwa kwa jina la Fernando, naye akajirudishia jina la Muhammad bin Umayya. Mwaka uliofuata aliuawa na watu wa upande wake mwenyewe. Aliyemrithi naye akauawa mwaka 1571, na vita vikaisha. Kabla ya hapo, mwaka 1570, watu wa Granada na milima yake walikwisha kuanza kukusanywa na kupelekwa kwa miguu sehemu nyingine za Hispania, wakati wa baridi, na wengi wakafia njiani. Baina ya mwaka 1609 na 1614 wazao wao wote wakafukuzwa nchini. Wengi walikwenda Morocco, Algeria na Tunisia.

NYUMBA NA MANENO

Basi msafiri huingia vijijini akitazamia kwamba hataona kitu. Kumbe mambo ni kinyume. Hapo Pampaneira nilishuka kwenye baiskeli nikaikokota, maana vichochoro havina nafasi ya kupanda, na kwa muda nikahisi nimo Lamu. Nyumba ni nyeupe, zimebanana, na mapaa yake ni bapa. Kwetu paa la namna hiyo hushikiliwa na boriti za mikoko, juu yake mawe na chokaa. Kule hushikiliwa na miti ya milimani, juu yake mawe bapa na udongo wa kijivu unaozuia maji kupita. Na pale ambapo nyumba mbili zinatazamana, hujengwa chumba juu ya njia, na watu wakapita chini yake. Watu wa Lamu wana jina la jambo hilo, wikio. Kule wanaliita tinao.

Hata maneno yamebaki. Tangi la maji la shambani Wahispania huliita alberca, nalo ni neno lile lile la Kiarabu lililotupa sisi birika. Zeituni huitwa aceituna, zafarani huitwa azafrán, na sukari azúcar. Mkuu wa mji huitwa alcalde, na asili yake ni al-kadhi. Mtu akitamani jambo husema ojalá, na wataalamu wa lugha wanasema asili yake ni maneno ya Kiarabu ya kumtaja Mwenyezi Mungu, yaani kama Mungu akipenda. Felipe aliiharamisha lugha, na hadi leo wazao wa raia zake hawawezi kwenda sokoni wakarudi bila ya kuitumia.

MAJI HAYAKUFUKUZWA

Lakini kilichobaki kikubwa kuliko vyote ni mifereji. Wanaiita acequia, kutoka Kiarabu as-saqiya. Theluji inapoyeyuka huko juu, mifereji ya udongo na mawe huyachukua maji na kuyatembeza kwa mteremko mdogo sana ubavuni mwa mlima. Mingine huyafikisha moja kwa moja kwenye mashamba ya ngazi. Mingine ina kazi ya ajabu zaidi: huyamwaga maji makusudi penye ardhi inyonyayo, yakazama, yakasafiri chini ya ardhi, na wiki au miezi baadaye yakatokea chini kama chemchemi, wakati wa kiangazi. Yaani mlima wenyewe umegeuzwa birika.

Wakulima wapya walioletwa baada ya mwaka 1571 walitoka sehemu nyingine za Hispania, na wengi hawakuijua kazi hii. Wenyeji husimulia kwamba katika kila kijiji ziliachwa familia mbili za wale waliofukuzwa, ziwafundishe wageni njia za maji.

Karibu na Busquístar nilimkuta mzee shambani akifungua maji kwa jembe. Alinionyesha saa yake ya mkono, kisha akanionyesha shamba la jirani. Kila mmoja ana zamu yake, na ikifika saa, maji huenda kwa mwenzake. Kwa Kihispania changu kidogo nilimwuliza ni nani aliyeuchimba mfereji ule. Akanijibu kwa neno moja, "Wamoro," yaani Waislamu wa zamani, akaendelea na kazi yake.

Jambo lililonishughulisha zaidi ni hili. Mifereji hii ilistahimili vita, amri ya mfalme, na kufukuzwa kwa waliojua kuitunza. Lakini katika karne ya 20 mingi ilikufa, wala haikuuawa na askari. Vijana walihamia Granada, Barcelona na nchi za nje kutafuta kazi, na mfereji usiosafishwa kila mwaka huziba majani na mawe. Mfereji ukikauka, chemchemi ya chini nayo hukauka, na shamba la ngazi huporomoka. Tangu mwaka 2014 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Granada, pamoja na watu wa kujitolea wenye majembe na sepeto, wamekuwa wakiifufua mmoja mmoja, wakianza na ule wa Barjas katika kijiji cha Cáñar, juu ya Órgiva.

KWA ATAKAYE KWENDA

Muislamu atakayefuata njia hii ajue mambo machache. Trevélez ni mji mashuhuri kwa mapaja ya nguruwe yaliyokaushwa, na utayaona yamening'inizwa darini madukani kama mikungu ya ndizi. Kwa hiyo uliza kwanza kabla ya kula, kwani hata samaki huweza kupikwa na kipande cha nyama hiyo. Zamani kukataa nyama ile kulitosha kumpeleka mtu mbele ya mahakama ya kanisa. Siku hizi mwenye mkahawa hucheka tu, akakuletea mayai, viazi vya kukaanga kwa mafuta ya zeituni, mkate na jibini. Órgiva kuna jamaa wa Kiislamu wanaoishi hapo, na Granada kuna msikiti uliofunguliwa mwaka 2003, unaotazamana na Alhamra. Njiani, maji ya udhu hayana shida, maana karibu kila kijiji kina chemchemi yake, na sala ya msafiri huswaliwa popote penye usafi.

Baiskeli iwe na gia nyepesi na breki madhubuti, kwani mteremko wa Ugíjar ni mrefu. Chukua koti hata ukiona jua kali chini. Na ukibahatika kufika Válor katikati ya Septemba, utawaona wanakijiji wakicheza barabarani, kwa nguo na bunduki, vita baina ya Wamoro na Wakristo. Mwishoni Wamoro hushindwa kila mwaka.

Wapo watakaosema kwamba hiyo ni habari ya Hispania, haituhusu. Mimi naona inatuhusu sana. Hapa pwani hakuna mfalme aliyetuamuru tuache visima vyetu vizibwe kwa taka, wala aliyetulazimisha kuvunja dari ya boriti tukaweka bati. Birika za misikiti ya zamani, zilizochotewa maji na babu zetu, baadhi yake leo ni kavu kwa kuwa hakuna anayezisafisha. Kule Cáñar watu wasiokuwa Waislamu wameshika majembe kuuhuisha mfereji wa Waislamu, kwa kuwa wanauhitaji. Sisi tunazihitaji birika zetu vile vile, na kazi ya kuzisafisha ni ya siku moja tu kwa watu kumi wenye ndoo.